Usiiruke Sehemu ya Mwalimu

Juma lililopita binti wa dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alinikuta nimeanza kutazama Ratsasan, filamu ya Kitamil ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ram Kumar, akanipa ushauri ambao mpaka leo unaniuma. "Mama mdogo, ukifika kwa yule mwalimu ruka tu, muuaji siye yeye." Aliyasema hayo kwa nia njema, kwa kuwa alitaka nifike upesi kwenye fumbo lenyewe. Mimi naamini kwamba sehemu hiyo ndiyo moyo wa filamu nzima, na ninawalaumu walioitengeneza kwa kuwa ni wao waliomfundisha mtoto huyu kuwa inaweza kurukwa. Ambaye hajaitazama ajue kwamba nitataja mambo ya mwishoni.

Kuhusu ufundi sina ugomvi. Arun, anayeigizwa na Vishnu Vishal, ni kijana aliyekusanya habari za wauaji kwa miaka akitarajia kutengeneza filamu, kisha dhiki za nyumbani zinamwingiza polisi wakati ambapo wasichana wa shule wanatoweka mmoja baada ya mwingine mjini Chennai, kusini mwa India, na kila anapotoweka mmoja linaachwa boksi la zawadi lenye kichwa cha mwanasesere kilichoharibiwa. Muziki wa Ghibran hukufanya uogope hata mlango uliofungwa. Mapenzi ya Arun na mwalimu mmoja wa kike yangeweza kupunguzwa nusu bila hasara.

Lakini katikati ya hofu hiyo anatokea Inbaraj, mwalimu mwenye heshima zake, anayewatisha wasichana kwa alama za mtihani ili awadhalilishe kingono, na mmoja wa anaowaandama ni Ammu, mpwa wake Arun. Huyu hahitaji kujibadilisha sura wala kuvizia barabarani. Wazazi wenyewe humpelekea watoto kila asubuhi, wamefuliwa sare na kusukwa nywele, na mtoto akisita kwenda shuleni ni wazazi hao hao wanaomwita mvivu. Jina la filamu hii maana yake ni zimwi, na sisi tumerithi methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa mtoto aliyeketi darasani methali hiyo haina faraja yoyote, kwa sababu zimwi linalolijua jina lake, dawati lake na somo analoshindwa, ndilo linaloweza kumla kidogo kidogo mwaka mzima bila mtu yeyote kuuliza kwa nini amekonda.

Nayasema haya nikikumbuka bweni. Katika shule niliyosoma alikuwapo mwalimu aliyependa kuwaagiza wasichana wampelekee madaftari nyumbani kwake usiku, baada ya masomo ya jioni. Sote tulijua. Dada wa vidato vya juu walitufundisha twende wawili wawili na tusivuke kizingiti, na tuliushika mpango huo kama tulivyoshika zamu za kufagia. Leo, nikiwa mtu mzima, kinachonichoma zaidi ni kwamba watoto wa miaka kumi na minne walikuwa wamejitungia ulinzi wao wenyewe ilhali watu wazima waliolipwa kuwalinda walikuwa wamelala nyumba ya pili.

Kwa hiyo filamu inapomwacha Inbaraj haraka namna ile, nashindwa kuisamehe. Anakamatwa, anajaribu kutoroka, anapigwa risasi na kufa, na upelelezi unasonga mbele kana kwamba lililotokea ni kosa la kukisia mtuhumiwa. Ni nani aliyemwona akibaki na watoto, akanyamaza? India ina sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watoto dhidi ya makosa ya kingono, inayomlazimu yeyote anayejua jambo kama hilo kuliripoti na inayomwadhibu anayekaa kimya. Humo ndimo hadithi ingeweza kuchimba. Mwezi Mei 2021, karibu miaka mitatu baada ya filamu hii kutoka, wanafunzi wa zamani wa shule moja mashuhuri ya Chennai hiyo hiyo walijitokeza mitandaoni kumtuhumu mwalimu wao, naye akakamatwa chini ya sheria hiyo. Tuhuma zile zilikuwa za kumhusu mwalimu wa darasani, na wala si mgeni anayevizia njiani.

Badala yake tunapewa muuaji mwenye ugonjwa uliomzeesha kabla ya wakati, aliyechekwa na wenzake akiwa mwanafunzi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hapo pia shule inaonyeshwa ikimtesa mtoto, lakini kuutafuta uovu ndani ya mwili mgonjwa ni kuwaonea watu ambao tayari wamebeba macho ya walimwengu, na pia kunampa kila mwenye sura nzuri na kazi ya heshima mahali pa kujificha. Filamu hii imetengenezwa upya kwa Kitelugu mwaka 2019 na kwa Kihindi mwaka 2022, na fumbo ndilo lililoendelea kupewa nafasi ya mbele.

Lipo jambo moja ambalo Ram Kumar alilipatia kikamilifu. Mmoja wa wasichana waliouawa alikuwa na kifaa cha kumsaidia kusikia, na sauti iliyonaswa kwa kifaa hicho ndiyo inayowapa polisi njia. Nilipofika hapo nilisimamisha filamu nikamwita binti wa dada yangu, nikairudisha nyuma mpaka darasani kwa Inbaraj, tukaitazama pamoja bila kuruka chochote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwalimu yule wa shuleni kwetu bado anafundisha.