Diski Imejaa na Ritani Hazingoji

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba yoyote ya Nairobi huwa haina pa kukanyaga. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mtu binafsi akichelewa faini inaanzia shilingi 2,000. Kwa hivyo watu ambao hawajagusa kompyuta tangu Juni iliyopita hujitokeza wote kwa pamoja, kila mmoja na kikaratasi chenye paswadi ambayo siyo. Mwenye saiba moja pale Kawangware, ambaye mimi humwita Bosi ingawa hajawahi kuniajiri rasmi wala kunilipa kwa wakati, huiita wiki hiyo mavuno. Alinipigia simu katikati ya mavuno, nikiwa Luthuli Avenue nimeinamia simu ya mtu iliyopasuka skrini.

"Fundi, printa imegoma."

"Imesema nini?"

"Printa haisemi, Fundi. Imenyamaza. Watu ndio wanasema."

Nikapanda matatu ya 46. Kufika, nikakuta foleni imetoka mlangoni, ikapita kwa mama wa mboga, ikapinda. Ndani alikuwa mzee mmoja wa kofia aliyekalia kiti cha mbele kwa nia ya kutokitoa. Alikuwa ameshafaili, nili kabisa, hana deni na mtu. Risiti yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye folda ya pamoja, jina lake kamili juu, na ukubwa wa faili: baiti sufuri.

"Sasa mimi nimefaili au sijafaili?"

"Umefaili, mzee. Ni hii nakala tu ndiyo tupu. Tutaishusha tena."

"Basi mkishaijaza ndio nitatoka hapa."

Kile kijisanduku cha Bosi kinakaa kwenye kona, chini ya meza. Ni kompyuta nzee inayoendesha Ubuntu, aina ya Linux, na ndiyo seva ya mambo yote: kazi za printa hupitia hapo, folda ya pamoja iko hapo, na kamera ya usalama hurekodia hapo. Kamera iliwekwa baada ya vipanya viwili kuondoka saiba bila kuaga. Video zake ni nyingi mno kukaa ndani ya seva, kwa hivyo zinaenda kwenye diski ya nje ya tera 1, ile kubwa yenye adapta yake ya stima, iliyopachikwa kwenye folda ya /mnt/kamera. Kijana aliyeitengeneza hiyo kazi zamani, kabla hajapata ajira ya maana, aliandika skripti fupi ya ffmpeg, programu ya video, inayokata video vipande vya dakika 10, na akapanga diski ijipachike yenyewe kila inapoonekana. Aliiendesha skripti kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Kumbukeni hilo.

Nikajaribu kuingia. Naandika paswadi, skrini inakuwa nyeusi, inanirudisha palepale pa kuandika paswadi. Hiyo ni dalili ninayoijua: eneo-kazi linataka kuandika vijifaili vyake vidogo ili lifunguke, na halina pa kuviandikia. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3, yakaja maandishi meupe kwenye weusi mtupu. Nyuma yangu nikamsikia Bosi akivuta pumzi.

"Umeiua?"

"Bado."

`df -h`, amri ya kuuliza diski imebakiza nafasi kiasi gani. Patisheni kuu, yaani kipande cha diski chenye mfumo wenyewe, ile ya alama ya mkwaju peke yake, giga 30: imetumika asilimia 100, iliyobaki sufuri. Hapo kuna jambo wengi hawalijui. Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida humtengea root asilimia 5 ya nafasi, ili sisi raia tukijaza diski, msimamizi awe bado na mahali pa kusimama. Kwa patisheni ya giga 30 hiyo ni giga moja na nusu hivi. Lakini aliyekuwa anajaza hapa alikuwa root mwenyewe, kwa hivyo hata akiba ilikuwa imelambwa.

Huduma ya kwanza ni ileile siku zote. `apt clean`, itupe vifurushi vya programu vilivyokwisha kusakinishwa na kubaki vimekaa /var/cache bila kazi. Kisha `journalctl --vacuum-size=100M`, ipunguze shajara za mfumo ambazo hakuna mtu Kawangware nzima aliyewahi kuzisoma. Bosi, kwa upande wake, alikuwa na ushauri. Alikuwa ameona orodha ya folda na ukubwa wake.

"Huyu usr ndiye anatumaliza. Giga nane peke yake! Analipa?"

"Hiyo ni mashine yenyewe, Bosi."

"Mtoe tu, akirudi tutaongea."

Simcheki. Nimeona watu wanaojiita mafundi wakifuata ushauri wa aina hiyo. Mtu akiona diski imejaa, kidole kinamwasha, na kidole kinachowasha kisiachiwe `rm`, amri ya kufuta.

Zikapatikana giga mbili hivi. Printa ikakohoa, ikaanza kutoa kila kitu kilichokuwa kimekwama kwenye foleni yake, zikiwemo nakala sita za barua moja ya kuomba kazi ambayo mwenyewe alikuwa amebonyeza mara sita kwa hasira kisha akaenda zake. Mzee wa kofia akapata risiti yake, akaisoma yote, akaikunja mara nne, akaomba nyingine ya akiba. Bosi akanipa soda na ahadi.

Kesho yake mchana, simu.

"Fundi, imejaa tena."

Hiyo sasa haikuwa kawaida. Saiba haiwezi kula giga mbili kwa usiku mmoja na asubuhi moja kwa kuchapisha karatasi za ushuru. Bosi alikuwa ameshapata mshukiwa: kijana wake wa dawati, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuwahi kusema hadharani kwamba anapenda filamu za Kikorea. Nilipofika jioni, baada ya kukaa kwenye jemu ya Hurlingham hadi nikafahamiana na abiria wenzangu, kijana alikuwa amenuna kiasi cha kutojibu salamu.

"Nimeapa kwa mama yangu sijadaunlodi kitu," akaniambia. "Angalia kila mahali."

Nikaangalia kila mahali, na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. `df` inasema giga zote 30 zimeliwa. Nikapiga `du -xh --max-depth=1 /`, ambayo inapita folda moja moja ikihesabu bila kuvuka kwenda diski nyingine, na yenyewe ikasema vitu vyote vilivyomo ni kama giga 15. Mmoja anasema nyumba imejaa hadi darini, mwingine ametembea vyumba vyote akakuta nusu ni tupu. Wote wawili ni waaminifu, na wote wawili wanafanya kazi kwa Linux hiyohiyo.

Kwa kawaida jibu la kitendawili hicho ni faili lililofutwa huku programu fulani ikiwa bado imelishikilia. Jina limeondoka, nafasi haijaachiliwa. `lsof +L1` huwataja washikaji wote. Ikataja vijifaili viwili vitatu vya kilobaiti, aibu tupu. Nikapima na `df -i`, nione kama ni ingizo za faili zilizoisha badala ya nafasi. Zilikuwepo tele. Kijana wa dawati alikuwa anafuata kila amri kwa macho, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anaomba.

Nikaangalia diski ya nje: ipo, taa inawaka, imepachikwa vizuri, video zinaingia. Nikafungua folda ya juzi nijiridhishe tu. Vipande vya asubuhi vipo. Vya jioni vipo. Kuanzia saa sita na kitu hadi saa tisa kasoro, hakuna kitu. Siku iliyotangulia, vilevile. Iliyotangulia hiyo, vilevile.

"Bosi, kamera huwa inaenda lanchi?"

Folda inayopachikiwa diski ni folda tu ya kawaida. Diski ikiwepo, unachoandika kinaenda kwenye diski. Diski isipokuwepo, folda haifungwi. Skripti ikiandika, inaandika ndani ya patisheni kuu bila kulalamika. Halafu diski ikirudi, inatandikwa juu ya hayo yote. Ni mkeka uliotandikwa juu ya takataka: ukiwa sebuleni huzioni, na hata `du` haizioni, kwa sababu nayo inatembea juu ya mkeka. Kuchungulia chini yake bila kusimamisha kamera kuna njia yake:

`mkdir /mnt/chini`
`mount --bind / /mnt/chini`

Hapo unaiona patisheni kuu peke yake, bila vilivyopachikwa juu yake. Nikapiga `du -sh /mnt/chini/mnt/kamera`. Ikafikiri kidogo.

Giga 15.

Kijana wa dawati akapiga kelele ambayo ilimwamsha mteja aliyekuwa amesinzia kwenye kompyuta namba nne. "Nilisema! Nilisema!" Bosi akasema bado, tuone kwanza kama si filamu. Basi nikafungua kipande cha kwanza cha siku moja, saiba nzima ikaja nyuma ya kiti changu, hata wale waliokuwa wamebakiza hatua moja wafaili.

Kamera inaangalia kutoka juu ya mlango. Anaonekana mtu wa koti jeupe akitoka nje mgongo mgongo, akiachilia waya mrefu wa ekstensheni sakafuni taratibu, kwa ustadi, akiupitisha chini ya viti bila kumgusa mteja. Nikaruka hadi kipande cha mwisho cha siku hiyo. Mtu yuleyule anarudi akikunja waya, anainama chini ya meza, anarudisha plagi moja mahali pake, anaipangusa vumbi kwa kitambaa cha kunyolea, anaondoka.

"Huyo si kinyozi?" mtu akauliza.

Alikuwa kinyozi wa kibanda cha pembeni. Tukafungua siku nyingine, ni yeye. Nyingine, ni yeye, na safari hii ameinua macho akaiona kamera, akaipungia mkono. Katika kipande kimoja, chini ya meza, mkono wake ulienda kwanza kwenye plagi ya seva. Ukaishika. Saiba nzima ikashika pumzi, pamoja na mimi ninayejua kwamba seva haijawahi kuzimwa mwezi huo. Mkono ukafikiri, ukaiacha, ukahamia nyingine.

Akaitwa. Akaja na mashine yake mkononi, kwa sababu alikuwa kazini, na nyuma yake akaja mteja mwenye nusu kichwa na shuka shingoni.

Hakukana hata kidogo. Tokeni zake za stima zilikuwa zikiisha kila mchana, maana mita anatumia na kibanda cha wali na mwenye wali ana jiko la stima. Alipouliza saiba kama anaweza kuchomeka hapo kidogo, hakuna aliyemkataza.

"Uliuliza nani?" Bosi akasema.

"Niliuliza tu, nikiingia."

"Na kwa nini hiyo plagi?"

"Nilichagua ile haina kazi. Hii nyingine ni ya kompyuta, hii ya intaneti, hii ya kamera. Hii ni ya kisanduku tu," akaonyesha ile diski ya nje, "hakina skrini, hakina chochote. Na nilikuwa ninarudisha kila siku! Au sikurudisha?"

Lazima niseme alikuwa anarudisha. Angeacha kurudisha, tungeligundua siku ya kwanza. Uaminifu wake ndio uliotuficha ukweli, kila alasiri, chini ya tera nzima.

Bosi akadai fidia ya stima. Kinyozi akatoa kidaftari mfukoni, akalowesha kidole, akafungua ukurasa. Kumbe Bosi alikuwa ananyoa kwa mkopo tangu Pasaka. Wakaenda kando wakanong'ona, wakarudi wamepeana mikono, na hakuna aliyemlipa mwenzake. Mimi nikatajwa kwenye mazungumzo hayo, lakini si kwa upande wa malipo. Mteja wa nusu kichwa akauliza kama anaweza kufailiwa ritani hapohapo maadamu anangoja.

Nikafuta zile giga 15. Niliisoma ile njia neno kwa neno kabla ya kubonyeza, maana /mnt/chini/mnt/kamera ni uchafu na /mnt/kamera ni ushahidi, na tofauti yao ni herufi chache. Bosi akataka kile kipande cha kupunga mkono kihifadhiwe, sijui cha nini. Nikakihamishia diski ya nje. `df -h` ikasema asilimia 52. Kijana wa dawati akaitazama hiyo namba kwa muda mrefu kisha akamtazama Bosi, na Bosi akakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa anamwita nje.

Kabla ya kuondoka nikaiondoa diski kidogo, nikaipiga ile folda tupu `chattr +i /mnt/kamera`. Ikishafungwa hivyo, diski ikiwepo inapachikwa juu bila shida, lakini ikichomolewa, hata root hawezi kuandika chochote pale chini. Kamera inagoma papo hapo, na inapiga king'ora kidogo nilichoiwekea. Plagi nayo nikaizungushia utepe mwekundu. Kinyozi akaniangalia nikiuzungusha, akanisifu kwa usafi wa kazi.

Tarehe 30 yenyewe, saa saba mchana, foleni bila shaka imefika barabarani, simu ikalia.

"Fundi, king'ora kinalia. Kamera imekataa kurekodi."

"Kuna mtu ananyolewa hapo nje?"

Kimya. Nikasikia mashine ikinguruma karibu sana na simu.

"Ni mimi," akasema Bosi.