Nani Atashika Bomba la Hewa Mirihi?

Kila roketi ya Starship inaporushwa Texas, Marekani, simu za vijana hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, zinajaa video kabla moshi haujatulia. Mjadala unaanza palepale, chuoni, kwenye teksi, kwenye vibanda vya kuchaji simu: mwanadamu atahamia sayari ya Mirihi lini? Elon Musk, aliyeanzisha mwaka 2002 kampuni ya SpaceX inayoirusha roketi hiyo, amesema mara nyingi kwamba anataka kujenga huko mji wa watu milioni moja. Wako wanaoshangilia. Wako wanaosema ni dhambi kumwaga mabilioni angani wakati watoto wanakufa kwa malaria.

Hoja hizo mbili zote zina uzito. Lakini kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka, na sisi wa mji huu ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuliuliza, maana tumeliishi: katika mji ambao kampuni moja ndiyo inayoleta kila kitu, mkazi ana haki gani mbele ya kampuni hiyo?

Nianze na ndoto yenyewe, kwa sababu haistahili kubezwa. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani liliigonga dunia, na dinosaria wakatoweka pamoja na sehemu kubwa ya viumbe wengine. Kiumbe anayeishi kwenye sayari moja tu anaweza kufutika kwa pigo moja. Hilo linajulikana kisayansi. Kuna pia kiu ya kujua. Gari la roboti liitwalo Perseverance lilitua Mirihi Februari 2021 katika bonde la Jezero, ambalo zamani sana lilikuwa ziwa, na tangu hapo linachunguza miamba kutafuta dalili za uhai wa kale. Linatembea polepole, likisubiri amri kutoka duniani, na amri hiyo huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari zetu mbili zimeachana kiasi gani. Katika mji wa wachimba madini sihitaji kueleza sana tofauti iliyopo kati ya picha ya jiwe na jiwe lenyewe mkononi. Mwanajiolojia hulipasua jiwe kwa nyundo, huligeuza juani, wengine hata hulilamba. Mtu mmoja mwenye macho yaliyozoea angemaliza kwa siku chache kazi inayoichukua roboti miezi.

Tena faida nyingine zinatufikia tukiwa hapahapa. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ambako watu wameishi bila kukatika tangu Novemba 2000, mitambo sasa inarudisha asilimia 98 ya maji: mkojo, jasho, hata mvuke wa pumzi, vyote vinasafishwa na kunywewa tena. Anayeamka saa kumi alfajiri kupanga bidoni kwenye foleni ya kisima anaelewa upesi kwa nini ujuzi wa namna hiyo una thamani.

Sasa tugeukie ugumu. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya shinikizo la hewa yetu, na asilimia 95 yake ni kaboni dioksidi. Baridi ya wastani ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Chombo cha Phoenix kiligundua mwaka 2008 kwamba udongo wake una chumvi ziitwazo perikloreti, ambazo zikiingia kwenye chakula hudhuru tezi ya shingo, kwa hiyo mkulima wa huko itambidi auoshe udongo kabla ya kupanda. Mionzi inapiga ardhi karibu bila kizuizi. Ndiyo sababu wataalamu wengi hufikiria nyumba zilizofukiwa chini ya udongo. Mvutano ni asilimia 38 tu ya wa dunia, na hakuna binadamu aliyewahi kuishi katika mvutano wa kiasi hicho, sembuse mtoto kukulia humo.

Oksijeni? Ndani ya Perseverance kulikuwa na kifaa kidogo kiitwacho MOXIE, kilichochukua hewa ya Mirihi na kutoa oksijeni humo. Kati ya 2021 na 2023 kilifanya kazi mara 16, na jumla ya yote kikatoa gramu 122. Mtu mmoja anatumia zaidi ya gramu 800 kwa siku. Kwa hiyo mavuno yote hayo hayafikishi saa nne za pumzi ya mtu mmoja. Silitaji hilo kwa kudharau. Kifaa kilifanya kile kilichotengenezewa, na njia imethibitika. Nataja ili ukubwa wa safari iliyobaki uonekane.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kati ya mambo ya ufundi ni umbali wa bidhaa. Sisi tunajua maana yake. Mpaka wa Kasumbalesa ukifungwa, iwe kwa mgomo wa madereva au kwa ugomvi wa ushuru, unga wa mahindi unapanda bei kabla wiki haijaisha. Nenda soko la mtaa wa Kenya siku hizo umtazame mama muuza unga: meka, yaani kopo la kupimia, aliyokuwa akiijaza mpaka ifanye kilele, sasa anaisawazisha kwa kiganja, na mteja hasemi kitu. Na hapo kuna barabara ya lami, kuna malori, na Zambia iko palepale. Safari ya Mirihi ni ya miezi sita hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuondoka hutokea mara moja tu kila baada ya miezi 26. Pampu ikivunjika leo na kipuri hakipo ghalani, kipuri hicho kitakuja mwaka kesho kutwa.

Watu wamejaribu kujifunza hapa duniani namna ya kuishi ndani ya boma lililofungwa. Katika Biosphere 2, jengo kubwa la vioo huko Arizona, watu wanane walijifungia kuanzia 1991 hadi 1993 pamoja na mashamba, msitu mdogo na bahari ndogo. Oksijeni ikaanza kupungua bila wao kujua sababu, kutoka karibu asilimia 21 hadi kama 14, kiwango cha mtu aliyepanda mlima mrefu sana. Walikuja kugundua kwamba vijidudu vya udongo wenye mboji nyingi vilikuwa vinaila oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, nayo saruji ya kuta ikawa inaifyonza gesi hiyo. Ilibidi oksijeni iletwe kutoka nje. Na wale wanane, walioingia wakiwa marafiki, waligawanyika makundi mawili. Hayo yalitokea mahali ambapo mlango ulikuwepo, na upande wa pili wa mlango kulikuwa na hewa ya bure.

Hapa ndipo historia yetu inapoingia.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba madini, ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 mji huu ukazaliwa kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka mbali, wakafa wengi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia. Mfanyakazi akaruhusiwa kuja na mke, akapewa nyumba kambini, zahanati, shule ya watoto na posho ya chakula. Tuseme ukweli wote: watoto wa kambi walisoma, walichanjwa, walishiba. Wazazi wetu walikuwa wakisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama, na walimaanisha hivyo.

Mzee mmoja wa Kamalondo, ambaye baba yake alifanya kazi mgodini, alinieleza foleni ya posho. Mama yake alisimama na kitambulisho chenye namba ya mumewe. Unga ukapimwa, maharage yakapimwa, samaki wakavu wakahesabiwa. “Mwanangu,” akaniambia, “bila namba ya baba hupati hata chumvi.” Nikamuuliza kama waliishi vibaya. “Hapana, tulikula vizuri. Lakini baba akifukuzwa asubuhi, jioni nyumba si yetu.”

Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kudai mishahara. Askari waliwafyatulia risasi uwanjani, na mmoja wa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake. Baada ya uhuru kampuni ikataifishwa, ikawa Gécamines, na ulezi ule ukaendelea. Kisha ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Muongo uliofuata ilishuka chini ya 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi, hospitali zikakosa dawa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Familia zilizolelewa na kampuni kwa vizazi vitatu zikaanza upya. Wengine walikwenda kulima, wengine kuchoma makaa, wengine kuchimba kwa mikono katika migodi ileile.

Waliweza kwenda. Hilo ndilo jambo zima. Pembeni ya kambi kulikuwa na msitu, mto, ndugu kijijini, na hewa ambayo haikuwa na kipimo. Mirihi hakuna pembeni. Mwenye mtambo wa oksijeni anashika pumzi ya mwajiriwa, mke wake na mtoto wake. Mwanabiolojia wa anga Charles Cockell, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ameonya kwa miaka mingi kwamba mahali ambapo hewa hutengenezwa, udikteta unakuwa rahisi kuliko mahali popote tulipowahi kuishi. Watu wa Ulaya humsoma kama mtu wa nadharia. Ukimsoma ukiwa Lubumbashi, unasoma habari za babu yako zikiwa zimeondolewa njia ya kutokea.

Sheria zinasema nini? Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujitwalia Mwezi au sayari, na unazifanya serikali ziwajibike kwa matendo ya makampuni yao huko. Ni mkataba mzuri, ila uliandikwa wakati ambapo ni mataifa tu yaliyokuwa yakirusha roketi. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu kampuni zake kumiliki madini zitakayochimba angani. Na mwaka 2020 masharti ya huduma ya Starlink, ambayo ni ya SpaceX, yalikuwa na kifungu kinachosema kwamba Mirihi ni sayari huru, kwamba hakuna serikali ya duniani yenye mamlaka juu ya shughuli za huko, na kwamba migogoro itaamuliwa kwa kanuni zitakazowekwa na walowezi wenyewe. Mteja aliyenunua intaneti alikubali hayo kwa kubonyeza kitufe. Yawezekana kifungu hicho hakina nguvu mahakamani. Kinaonyesha tu mawazo yanaelekea wapi.

Nchi hii imeshawahi kuyaona mawazo hayo. Miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliikodisha kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG eneo la kama kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mkataba wa kufika mwaka 2000, ukiwa na mamlaka makubwa mno juu ya ardhi na watu waliokuwemo. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Juni 1978 nyingine ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, na mwaka uliofuata kampuni ikaambiwa iondoke. Wakulima wa bonde la Luvua hawakuulizwa wakati wa kuingia wala wa kutoka.

Mtetezi wa makampuni atanijibu, na jibu lake nalichukulia kwa uzito: bila wao hakuna atakayekwenda. Tangu Desemba 1972 hakuna serikali iliyomshusha mtu tena Mwezini. SpaceX ndiyo iliyofanya roketi ya kupeleka satelaiti irudi na kutua wima mwaka 2015, na gharama za kurusha mizigo zikashuka. Hata Lubumbashi, bila mtaji wa kampuni na reli iliyofika 1910, usingekuwa mji kwa kasi ile. Nakubali yote hayo. Lakini aliyejenga nyumba hajapata kwa hilo haki ya kumiliki wanaolala ndani yake, na sisi tulichelewa kuandika hivyo. Sheria yetu ya madini ilibadilishwa mwaka 2018 ili kobalti ilipe taifa zaidi, zaidi ya karne moja baada ya shaba ya kwanza kuyeyushwa hapa. Kila kifungu kinachoongezwa baadaye kinapiganiwa na mtu ambaye tayari ameshikwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Watafiti waende, kama wanavyokwenda Antaktika kwa zamu, kila mmoja akiwa na nafasi ya kurudi iliyolipiwa kabla hajaondoka. Familia zisipelekwe, wala mtoto asizaliwe huko, mpaka mambo matatu yawe yameandikwa katika mkataba wa mataifa. Kwanza, hewa, maji na joto visikatwe kwa deni, kwa mgomo wala kwa kufukuzwa kazi. Pili, mitambo ya uhai isiwe mikononi mwa mwajiri peke yake. Tatu, kampuni ikifilisika, serikali iliyoipa kibali iwarudishe watu kwa gharama yake, na fedha hizo ziwekwe akiba kabla ya roketi ya kwanza ya walowezi kuruka.

Mahali pa kuyasemea hayo papo. Umoja wa Mataifa una kamati ya matumizi ya amani ya anga, inayokutana Vienna, na tangu Aprili 2025 Afrika ina shirika lake la anga lenye makao Cairo. Wanasheria wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanasoma sheria ya madini. Ningependa kuona wachache wao wakipelekwa Vienna na majalada ya kambi zetu mkononi: karatasi za posho, mikataba, orodha za walioondolewa mwaka 2003.