Pointi 25 au 26: nani asomeshwe na mfuko wa shehia?

Mifuko ya elimu ya shehia za Zanzibar, iwe ya jumuiya ya kijiji, ya msikiti au ya wenyeji wanaochangia kutoka Muscat na London, mara nyingi hupita njia moja. Mwaka wa kwanza anasomeshwa yeyote aliyepata nafasi chuoni. Mwaka wa pili maombi yanazidi fedha, kamati inakaa, na mjumbe mmoja anatoa rai: tuchukue Divisheni III kwenda juu, kwa matokeo ya kidato cha nne. Rai inapita bila ya ubishi. Nani atasimama kuipinga, aambiwe anatetea wavivu?

Wanaoipinga wapo, nao hawatetei wavivu. Kwanza lakini tuwape haki yao wanaoitaka, kwa sababu hoja yao ina uzito.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yako wazi mtandaoni. Anayetaka kuhakikisha anafungua orodha ya skuli, anatafuta namba ya mtahiniwa, anasoma. Sheha, mkuu wa shehia, hawezi kuyageuza, na mjumbe mwenye mpwa wake kwenye foleni naye hawezi. Barua ya sheha ni habari nyengine. Maneno "familia hii ni ya hali ya chini" huandikiwa asiye na kitu na huandikiwa mwenye duka, maana wanaishi mtaa mmoja na kumnyima jirani barua ni kujitafutia uhasama. Kamati iliyowahi kutuhumiwa upendeleo inajua raha ya kuwa na kigezo kisichokuwa na shangazi wala mkwe. Tena wachangiaji wanataka kuona mtu aliyemaliza masomo, na aliyeingia chuoni na alama za chini kabisa hupata taabu zaidi muhula wa kwanza. Hayo yote ni kweli.

Tatizo ni kwamba divisheni haikutengenezwa kufanya kazi hii. Inajumlisha pointi za masomo saba bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na jumla ndogo ndiyo bora. Pointi 22 hadi 25 ni Divisheni III, 26 hadi 33 ni Divisheni IV. Jumla hiyo inaeleza wastani wa mtoto. Haielezi amefaulu masomo gani, na chuo kinauliza hilo la pili.

Tuweke karatasi mbili mezani, za kubuni lakini za kawaida kabisa. Ya kwanza: Kiswahili C, Historia C, Kiarabu C, Jiografia D, Uraia D, Kiingereza D, Biolojia D. Jumla 25, Divisheni III. Ya pili: Kiswahili C, Biolojia C, Jiografia D, Uraia D, Kiingereza D, Kemia D, Fizikia D. Jumla 26, Divisheni IV. Wote wawili wana F ya Hisabati, ambayo haikuingia kwenye saba bora. Kwa sharti la kamati, wa kwanza anasomeshwa na wa pili anarudishwa nyumbani.

Sasa wapelekeni wote wawili kuomba uuguzi. Fani hiyo inataka ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia miongoni mwa masomo manne yasiyo ya dini. Wa pili anapokelewa. Wa kwanza, aliyeshinda kwenye shehia, hana Kemia wala Fizikia. Mfuko umemwacha anayeweza kuwa muuguzi wa kituo cha afya cha hapo hapo, ukamchukua asiyeweza, kisha mkutano wa mwaka unaambiwa kwamba wamechukuliwa waliofanya vizuri.

Na tofauti yao ni ndogo kiasi gani? C inaanzia alama 45 na inaishia 64. D ni 30 hadi 44. Aliyepata 26 angepata 45 badala ya 44 kwenye Jiografia tu, angekuwa na 25. Alama moja, kwenye somo moja, ambalo pengine halihusiani na fani anayoiomba. Upande wa pili, aliyepata 45 tupu na aliyepata 64 kwenye somo moja wanahesabiwa sawa. Kipimo kinachowaona sawa watu waliopishana alama 19, kisha kinawatenga waliopishana alama moja, kamati inakitumia kugawa ada ya mwaka mzima. Ukizungumza na wajumbe utasikia "lazima mstari upite mahali." Sawa, lakini mstari upo tayari, na hakuuchora mtu wa shehia. Kwa astashahada, yaani ngazi ya cheti, kiwango cha chini cha kuingilia ni ufaulu wa D katika masomo manne, bila ya kuhesabu ya dini. Kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla isiyopungua pointi 4, yaani hata D mbili. Fani zenye mahitaji makubwa zaidi zinaongeza yake. Chuo kimekwisha kuchuja, na mfuko unaochuja mara ya pili kwa ungo mwengine unapaswa kusema unatafuta nini ambacho chuo hakikukiona.

Jengine linasahauliwa kwa sababu limezoeleka. Mwani hushughulikiwa maji yakitoka sana, na maji hutoka sana siku za bamvua. Katika pwani zetu, kupwa kwa bamvua kunaangukia kiasi cha saa nne asubuhi. Kwa hiyo mtoto wa kike wa Paje au wa Micheweni anayemsaidia mama yake kufunga na kuvuna, kazi inamwita saa ile ile ambayo mkondo wa asubuhi upo darasani, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Mtoto wa Kojani anayefuata dago, kambi ya uvuvi, na baba yake hukosa wiki nzima nzima. Sisemi kila D imetoka baharini. Nasema kwenye shehia za namna hii umasikini umekwisha kuingia ndani ya pointi kabla kamati haijafungua bahasha, na mfuko ulioanzishwa kwa ajili ya umasikini huo unautumia kama sababu ya kumkatalia mwenye nao.

Halafu kuna suala la nani mwengine analipa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo kwa sheria ya 2011, na kama jina lake linavyosema, ni ya elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ya Muungano ilianza kuwafikia wa stashahada (diploma) mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani zilizochaguliwa. Waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita wana ufadhili wa serikali, Samia Scholarship, tangu 2022/23. Wa astashahada, ngazi ya 4 na ya 5, mara nyingi hana dirisha la kugonga. Fedha za shehia zikipangwa kwa alama, zinakwenda kukutana na fedha nyengine kwa mtoto yule yule, na pale ambapo hakuna mlipaji hata mmoja panabaki patupu. Kwangu mimi hoja hii peke yake ingetosha.

Ikiwa ndani ya mfuko mna zaka, mjadala unakuwa mfupi zaidi. Zaka ina asnafu nane, yaani makundi ya wanaostahiki, wakitanguliwa na mafakiri na masikini, na mwenye pointi chache si mmoja wao. Kamati inayochanganya zaka na mchango wa hoteli katika akaunti moja, kisha ikampa mtoto wa mtu mwenye uwezo kwa kuwa ana Divisheni I, imeingia kwenye jambo ambalo haina mamlaka nalo. Dawa ni akaunti mbili na daftari mbili. Mchango wa hoteli unaweza kuwa na sharti la mtoaji, kwa mfano asome utalii au upishi, na sharti hilo lifuatwe. Zaka isikae humo.

Waungaji mkono wa alama watauliza: mkiondoa divisheni, mtapima nini, umasikini? Na nani ataupima bila ya kudanganywa? Hapa ndipo pagumu, na wapinzani wa divisheni wengi hupita haraka. Kupima hali ya mtu kwenye jamii inayothamini stara ni kazi ya adabu. Ukisoma hadharani kwamba nyumba ya fulani haina mlipaji, mwaka ujao wa namna yake hawaombi. Ukificha kila kitu, maneno ya upendeleo yanarudi.

Njia inayofanya kazi ni kutumia vithibitisho ambavyo vimekwisha kutolewa mahali pengine. Kaya iliyomo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya masikini ina namba yake. Hiyo inatosha, haihitaji barua. Cheti cha kifo cha mzazi kinatosha. Ulemavu uliothibitishwa hospitali unatosha. Ndugu mwengine aliye chuoni kwa ada ya familia hiyo hiyo, lete risiti. Asiye na hata kimoja katika hivyo ndiye anayetembelewa nyumbani, na wawe watu watatu: mwalimu, mwanamke mmoja kutoka kikundi cha kuweka na kukopa, na mjumbe ambaye si wa ukoo wa mwombaji. Sheha awe shahidi wa ukaazi tu. Ubaoni yanabandikwa majina ya waliopata na kiasi, kwa siku saba za pingamizi, bila ya sababu zao. Wapo watakaodanganya hata hivyo. Mwenye duka akipita mwaka mmoja, hasara ni ada ya mtu mmoja. Sharti la alama linaacha nje watu wengi kila mwaka, na hakuna anayewahesabu kwa kuwa hawakuandikishwa.

Hofu ya mtoto kufeli chuoni ina jawabu lake, nalo liko kwenye namna ya kulipa. Ada isitolewe ya mwaka mzima kwa mkupuo wala isipite mkononi mwa mzazi. Mwanafunzi alete namba ya malipo ya chuo, mfuko ulipe muhula wa kwanza. Muhula wa pili unalipwa baada ya kuona matokeo yenye GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 2.0, ambayo ndiyo kiwango cha kufaulu katika ngazi za 4 hadi 6. Mwenye sapu, mtihani wa kurudia, asikatwe papo hapo. Asubiriwe arudie, maana muhula wa kwanza wengi hukwama kwenye Kiingereza cha darasani zaidi kuliko kwenye fani. Akishindwa baada ya hapo, mfuko umepoteza nusu ya ada. Hapo alama zinafanya kazi zinayoiweza: kupima anachofanya sasa, kwenye masomo aliyoyachagua.

Kosa jengine linaua mifuko mingi kuliko kufeli kwa wanafunzi, na kamati zinazobishana juu ya divisheni hazilioni. Udhamini wa fani ya miaka 3 ni ahadi ya miaka 3. Tuseme mfuko unakusanya shilingi milioni 6 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wanachukuliwa 5, kila mmoja 1,200,000, mambo mazuri. Mwaka wa pili wanaongezwa 5. Mwaka wa tatu wanaongezwa 5 wengine, na sasa wako 15 wanaokula milioni 6 zile zile: 400,000 kwa kila mmoja. Wa mwaka wa tatu anasimamishwa mtihani kwa ada akiwa amebakisha muhula mmoja. Nakisi hii ndiyo huzaa sharti la Divisheni III, kwa sababu kupandisha sharti ni rahisi kuliko kukiri kwamba tuliahidi zaidi ya tulichonacho. Kwa milioni 6 na ada hiyo, wapya wasizidi 2 kwa fani ya miaka 3 (wakifika 6 kwa pamoja ni milioni 7.2, na pengo la milioni 1.2 lazima lijulikane linatoka wapi), au wachukuliwe wengi zaidi wa astashahada ya mwaka mmoja wanaomaliza na kupisha.

Sharti la ukaazi halina haja ya maneno mengi. Libaki, ila lihesabu kaya anayotoka mtoto badala ya skuli aliyomalizia. Aliyepelekwa Mjini kwa shangazi yake akasome skuli ya Lumumba bado ni wa shehia yake. Kinachowaangusha waombaji zaidi ni majina: Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamis kwenye cheti cha mtihani. Hilo lirekebishwe mapema kwenye usajili wa matukio ya kijamii, kwa sababu bodi ya mikopo itauliza cheti hicho hicho, na siku za mwisho foleni haisogei.

Anabaki mwenye Divisheni I aliye masikini kweli. Hakuna anayemfukuza. Naye ajaze fomu, apimwe kwa hali kama wenzake. Kama amekwisha kuomba mkopo, shida yake kubwa ni wiki za mwanzo: ameitwa chuoni, majina ya waliopata yanatoka kwa awamu, na yeye hana nauli ya boti, godoro wala malipo ya kwanza ya dahalia. Huyo apewe laki tatu za kuanzia kama mkopo usio na riba, kwa karatasi aliyotia saini yeye na mzazi wake, azirejeshe bumu, fedha za mkopo, likitoka. Nafasi ya ada apewe mwenye pointi 26.