Kipimo cha damu cha ukoma kinamuona nani na kinamwacha nani

Huku kwetu Mbagala kuna dada mmoja mama ntilie, mwaka juzi alikuwa anaepua sufuria ya wali bila kitambaa na sisi tunamshangaa anavyovumilia moto, kumbe havumilii, hausikii. Kiganja upande wa kidole kidogo kimeshatoka malengelenge na yeye anaendelea kupakua. Juu ya kiwiko alikuwa na baka moja limepauka, nesi akapitisha pamba hapo, hasikii kitu. Ukoma. Na analala chumba kimoja na watoto watatu, pamoja na mdogo wake.

Tangu hapo tunabishana sana: kwa nini wanaokaa naye wasipimwe tu damu kama malaria, unachomwa kidole, aliye nao apewe dawa, asiye nao aende zake? Hoja hii siidharau. Kidudu cha ukoma kina mafuta kwenye ganda lake, wataalamu wanayaita PGL-I, ni antijeni, yaani alama ambayo kinga ya mwili inaitambua, ambayo kidudu cha TB, ndugu yake kabisa, hana. Ukikuta antibodi za PGL-I, yaani silaha za kinga zinazoelea kwenye damu, ujue mwili umeshakutana na ukoma wenyewe, na mtu anayeishi na mgonjwa akiwa nazo hatari ya kuugua inapanda. Halafu kuna rifampisini, dawa ya kuua vidudu. WHO tangu 2018 inashauri waliokaribu na mgonjwa, kuanzia miaka 2, wapewe dozi moja wakishahakikiwa hawana ukoma wala TB, sasa rifampisini ndo nguzo ya matibabu ya TB, mtu akiogopa vidudu vya TB kuwa sugu kwa dawa kwenye jiji kama hili namuelewa kabisa. Kipimo kingepunguza wanaopewa.

Ila angalia mwili wenyewe unafanyaje. Madaktari Ridley na Jopling mwaka 1966 waliwapanga wagonjwa kwa jinsi kinga yao inavyopambana. Kuna ambao seli T zao, askari wa kinga, zinapigana kwelikweli, vidudu vinabaki vichache na mabaka machache, lakini vita inapiganwa ndani ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kwa hiyo neva ndo inaumia, tena mapema. Mwisho mwingine seli T kama zimelala, vidudu vimejaa, na damu imejaa antibodi ambazo hazisaidii maana kidudu kinaishi ndani ya seli na antibodi haziingii humo. Kipimo cha damu kinawakamata vizuri hawa wa pili, wale wa kwanza wengi wao kinawapa hasi. Dada yetu ni wa kundi la kwanza. Kuna uwezekano mkubwa angeambiwa yuko salama akarudi kwenye sufuria.

Na wengi wenye antibodi hawaugui maisha yao yote. Sasa umwambie mama mtoto wako ana alama ya ukoma kwenye damu, halafu mkae mnasubiri miaka 5 au hata 20, kwenye nyumba ya wapangaji ambapo kila neno linasikika ukutani? Wengine wanasema tupime seli T zenyewe, lakini hapo damu inalazwa maabara na antijeni mpaka kesho yake, na kwetu karibu kila mtoto kachanjwa BCG, chanjo ya TB, antijeni nyingi za ukoma zinafanana na za BCG na TB, majibu yanachanganya.

Kilichoniuma zaidi ni mwezi wa tatu wa dawa. Baka likavimba likawa jekundu, mshipa wa kiwiko ukawa unauma hata ukiguswa na shati, vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja, majirani wakamwambia acha hizo dawa zinakumaliza. Hapana jamani, kinga ndo ilikuwa imeamka inashambulia antijeni za vidudu, na neva iko katikati. Hapo anahitaji prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, haraka na dawa za ukoma anaendelea nazo, na hilo analijua yule anayeshika mshipa wa kiwiko kwa mkono wake, sio kipimo cha kidole.

Kwa hiyo mimi nasema rifampisini kwa wote wa chumba kile bila kusubiri damu, na kipimo kiongezwe pale mgonjwa ni wa vidudu vingi. Najua dozi moja haitoshi, kule Bangladesh ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 miaka 2 ya kwanza, lakini ndugu wa damu na wa nyumba moja haikuwasaidia sana kama wengine. Ndo maana watoto wake walipewa dozi na bado kila mwaka wanavuliwa mashati wanaangaliwa mgongo, mapaja, makalio, kila mahali. Mpaka sasa hawana baka. Mama yao kidole kimoja kimenyooka, kile kidogo bado.