Vita ya Kagera Nani Ataichora?

Tabora ni mji wa kambi, na wastaafu wa jeshi hawatafutwi kwa tochi. Jioni wako kwenye kahawa, wanabishana habari za mpira kama wazee wengine. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka, hotuba zinasomwa, halafu basi mpaka mwakani. Mimi nasema waliopigana Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, wachorwe. Tena wachorwe kwa vibonzo, hivi hivi ambavyo watu wazima wanadai ni vya watoto.

Anayenipa jeuri ya kusema hivi ni mchora katuni mmoja wa Japani, Shigeru Mizuki, aliyezaliwa mwaka 1922. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, Papua New Guinea ya leo. Kituo chao kikavamiwa, wenzake wakauawa, yeye akakimbia msituni hadi akawafikia wakubwa zake. Badala ya kupewa pole, akaulizwa kwa nini hakufa na wenzake. Malaria ikamlaza. Akiwa mgonjwa hivyo hivyo, ndege za adui zikadondosha mabomu, na mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Aliporudi kwao alihangaika. Kwa muda alichora kadi za kamishibai, zile picha ambazo msimuliaji huwaonyesha watoto mtaani huku akiwauzia pipi. Kazi hiyo ilipodorora akahamia vitabu vya katuni mwaka 1957, na hadithi zake za mazimwi zikaja kumpa jina kubwa. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93. Huko Sakaiminato, mji aliokulia, barabara nzima imepangwa sanamu za shaba za viumbe alivyochora. Kwa mkono mmoja!

Lakini mimi nampendea kitabu chake cha vita cha mwaka 1973. Msitu ameuchora kwa makini, ungedhani ni picha ya kamera, ila askari wake wana sura za kuchekesha. Wakubwa wanawazaba vibao. Mmoja anakufa kwa kukabwa na samaki kooni, mwingine analiwa na mamba. Aliyebaki nyumbani angechora milipuko na bendera. Kifo cha samaki asingethubutu kukibuni.

Najua nitaambiwa: Wajapani walikuwa wavamizi, sisi tulivamiwa mwaka 1978, usilinganishe. Kweli kabisa, na vita yetu ilikuwa ya haki. Lakini haki hiyo haikumzuia askari kutoka malengelenge miguuni, na safari ya kwa miguu kuelekea Kampala, iliyoanguka Aprili 1979, haikuwa gwaride.

Wala katuni si jambo geni kwetu. Tumekua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, tumegombania jarida la Sani. Na kama mtu anaona vibonzo vinalishushia jeshi hadhi, ajue kwamba jeshi la Marekani lilimtumia mchora katuni Will Eisner, naye aliyewahi kuwa askari, kuwafundisha wanajeshi utunzaji wa vifaa kwa katuni, katika jarida lililoanza mwaka 1951. Askari hasomi mwongozo mkavu, ila kibonzo atakisoma.

Mzee wetu si lazima ashike penseli mwenyewe. Vijana wanaochora kuta za saluni na mabango hapa mjini wana mikono mizuri, wanachokosa ni habari. Kijana akae na mzee, asianze kumuuliza ushujaa. Amuulize buti zilikuwaje, maji walichota wapi, nani alikoroma handakini. Achore, amwonyeshe, mzee aseme, "Hapana mwanangu, bunduki hatukuibeba hivyo," na kijana afute aanze upya.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Na kitabu kikiuzwa, mzee naye apate fungu lake, asiishie kununuliwa soda.