Mama Mkwe na Nyanya Zilizodandia

Mnyauko bakteria ni ugonjwa wenye kejeli, kwani humkuta mche wa nyanya ukiwa kijani kibichi, ukainamisha majani yake mchana, ukayainua jioni kana kwamba hakuna lililotokea, kisha siku chache baadaye ukaulaza jumla. Katika bustani yangu ya uani hapa Nkuhungu, Dodoma, nilikata shina la mche mmoja na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, na uzi mweupe wa vimelea vya ugonjwa huo ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye mkato. Vimelea hivyo hukaa udongoni, hivyo kunyunyizia dawa majani ni kupoteza fedha. Niliamua kubebesha nyanya, yaani kuunganisha ncha ya mche wa nyanya (kikonyo) juu ya shina la bilinganya lenye mizizi yake, la aina inayostahimili ugonjwa huo.

Bilinganya huchelewa kukua, kwa hiyo nililisia mapema ili mashina yalingane unene. Nilikata kwa wembe mpya, mkato wa mshazari, kikonyo cha nyanya na shina la bilinganya vikakutana, nikavibana kwa vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli. Fundi aliyeniuzia alitaka kujua baiskeli yenyewe iko wapi. Nilimjibu kwamba sina, naye akaongeza bei. Kwa kuwa hewa ya Dodoma hukausha hata ulimi, niliificha miche ndani ya kibanda cha nailoni kilichofunikwa magunia mabichi hadi viungo viliposhikana, ndipo nikaizoesha jua kidogo kidogo na kuihamishia kwenye tuta, kiungo kikiwa juu ya udongo ili nyanya isitoe mizizi yake na kuurudia ugonjwa. Machipukizi ya bilinganya yaliyoanza kutokeza chini ya viungo nilipanga kuyaondoa Jumamosi.

Ijumaa mama mkwe alifika kutoka Kongwa na mfuko wa mlenda mkavu, nami nikamwamkia na kukimbilia kazini.

Niliporudi jioni alinipeleka kwenye tuta akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

“Baba, bilinganya zako zilikuwa zimedandiwa na nyanya, tena mtu mbaya amezifunga kwa mipira. Nimezitoa zote.”

Kando ya tuta palikuwa na lundo la vikonyo vilivyonyauka, na juu ya kisahani, vipande vya mpira wa valvu vimeoshwa na kuanikwa kimoja kimoja. Wenye wakwe wanaelewa kwamba mbele ya uso ule hakuna mhadhara wa kilimo unaowezekana. Nilisema, “Ahsante sana, mama,” huku mke wangu akiingia jikoni ghafla kutafuta kitu ambacho hakuwahi kukipata.

Yale machipukizi yalistawi ajabu. Hakuna hata mche mmoja ulionyauka, jambo linalothibitisha kwamba shina nililichagua vizuri, na tulikula bilinganya la kukaanga, la nazi na la karanga mpaka watoto wakaanza kuulizia maharage. Mama mkwe alipokuwa akipanda basi kurudi Kongwa, alinishika mkono na kunisihi kwamba nikiona nyanya zimedandia tena nisizichezee peke yangu, bali nimpigie simu, atakuja siku hiyohiyo.