Mfereji nimeutengeneza mwenyewe, na wala sijidai

Juzi usiku nimebadilisha wosha, kile kipira cha ndani kinachozuia maji, ya mfereji wa jikoni kwa mikono yangu, na mfereji umenyamaza. Nilisimama mbele ya sinki muda mzima nikiutazama mdomo wake. Hakuna tone. Nikaupiga picha nikaituma kwenye grupu la familia. Jibu la kwanza kutoka nyumbani: "Fundi kakutoza ngapi?" La pili: "Kwani huko mafundi hawapo?" La tatu ni la binamu yangu, na ndilo lililonikosesha usingizi: "Tulidhani umekwenda Ulaya kusoma, kumbe umekwenda kuwa fundi mifereji."

Basi nisikilizeni, maana jibu lake halienei kwenye grupu.

Mfereji ule ulidondoka miezi mitatu. Nami nilifanya kama tulivyofanya siku zote kwetu Michenzani, Unguja, nikatega ndoo. Mtu aliyekulia Michenzani haoni maji yakidondoka akaona tatizo. Sisi mfereji tulikuwa tukiuacha wazi makusudi usiku, ili ndoo ikianza kulia mtu aamke akinge kabla hayajakatika. Lakini hapa Coventry, Uingereza, nyumba yangu ina mita ya maji, na tone usiku wa baridi lina sauti ya mtu anayekuita. Nikampigia fundi. Pauni 90 kuja tu, kabla hajashika spana. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee. Pauni 90 ni kutwa nzima ya kuinua watu vitandani na kuwaogesha.

Jirani yangu ni mzee Mwingereza, dereva wa basi mstaafu. Aliponisikia nalalamika aliniuliza jambo moja tu: "Umeshafunga valvu ya chini ya sinki?" Hakuniuliza kama naweza, wala kama kuna mwanamume nyumbani. Aliniuliza kama unavyomuuliza mwenzio kama mchuzi keshautia chumvi.

Valvu yenyewe ni kitu kidogo kwenye paipu, kina mfuo kama kichwa cha parafujo. Unatia bisibisi bapa, unazungusha robo mzunguko, maji yamekatika. Halafu unaufungua mfereji, yaliyobaki yatoke. Unaziba tundu la sinki kwa kitambaa, parafujo isije ikatumbukia. Unatoa kifuniko cha juu, unafungua parafujo, unatia spana, unauzungusha moyo wa mfereji mpaka unatoka mzima mkononi. Na pale chini yake ndipo ilipo: kipande cha mpira cheusi, nusu inchi, kimeliwa upande mmoja, kina alama ya duara kama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyevimba. Miezi mitatu nimetega ndoo kwa ajili ya kitu kile. Nilikishika kwenye kiganja nikaona hasira, wala si kwa mfereji.

Hasira yangu ilikuwa kwamba nilikuwa na miaka 36 na sikuwahi kukiona. Nimekulia nyumba yenye mifereji mitatu, nimepita skuli, nimepasi fizikia, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunifungulia mfereji akanionyesha ndani.

Najua mtakavyosema. Huyu keshaanza, kakaa miaka sita kwa wazungu, sasa anatufundisha kuishi. Hapana. Sisemi kwamba wazungu wana akili kuliko sisi. Nasema kitu kimoja tu: hapa mtu mzima haoni haya kuwa mwanagenzi. Kwenye ukumbi wa mtaa wetu kila Jumamosi kuna darasa la kutengeneza vitu vya nyumbani. Nilipoingia mara ya kwanza nilimkuta mama mwenye mvi kichwa kizima ameshika drili kwa mara ya kwanza maishani mwake, mikono inamtetemeka, na mwalimu anamwambia, pole pole, tutazame tena. Hakuna aliyecheka. Kwetu mtoto anasoma, fundi anajua, mtu mzima analipa. Ukiwa mtu mzima na hujui, unanyamaza. Ukiwa mwanamke na unataka kujua, ndiyo kabisa.

Nilikuwa na miaka 14, plagi ya pasi imeungua. Nyinyi mnajua tulivyokuwa tukifanya: waya mbili zimechunwa, zimetiwa kwenye soketi, zimekazwa kwa njiti za kiberiti, na pasi inapata moto kama kawaida. Nikachukua kisu nifungue plagi nitazame. Baba mdogo alinipokonya. "Mwanamke na umeme wapi na wapi?" Akaja fundi baada ya siku mbili. Nikasogea nione. Fundi akageuka, akatupa mgongo, akafanya kazi yake ndani ya kivuli chake mwenyewe, akafunga, akataka pesa yake.

Mafundi wetu wengi wanatoa mgongo. Na neno lenyewe, fundi, ni ndugu wa kufunda. Tunao watu wa kuwafunda wari wetu, tunao walimu wa chuo cha Kurani wanaofunda watoto herufi kwa herufi, lakini anayeitwa fundi hafundi. Nimelifikiria sana hili. Sidhani ni uchoyo. Elimu yake ndiyo mtaji wake, na aliipata kwa kubeba mkoba wa mtu miaka mitano na kutukanwa. Sasa akupe wewe bure, umwambie wiki ijayo huna haja naye?

Plagi ya huku na ya kwetu ni moja, pini tatu za mraba. Nimeifungua hapa, darasani, jioni moja, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Waya wa kahawia unaleta moto, wa buluu unarudisha, wa kijani na manjano unakwenda ardhini, na ndani mna fyuzi: ya ampea 3 kwa taa, ya ampea 13 kwa pasi na birika. Mambo ya dakika ishirini. Nilikumbuka zile njiti za kiberiti, nikamkumbuka mdogo wangu aliyerushwa na soketi ile akaangukia mgongo, na wallahi machozi yalinitoka mbele ya watu.

Ila msidhani huku ni peponi pa watu wenye mikono. Friji ikizima wanaitoa nje, simu ikipasuka kioo wananunua nyingine. Huko Amsterdam mwaka 2009 mwanamke anayeitwa Martine Postma alianzisha mikusanyiko ambapo watu wanaleta vitu vilivyoharibika, wanakaa na wanaojua, vinatengenezwa pamoja bure. Fikra ile imeenea nchi nyingi na wanaiona kitu kipya kabisa. Nami nilipokwenda kwenye mkusanyiko kama huo hapa, nikaona watu sita wameizunguka redio moja kwa furaha, nilitaka kusimama niwaambie: njooni Darajani, sokoni kwetu. Njooni muwaone vijana wanafufua simu iliyoanguka baharini kwa bisibisi ya saa na mswaki mkuukuu. Kwa hilo sisi ni mabingwa na sioni haya kulisema popote. Tofauti ni kiti. Kwenye mkusanyiko ule mwenye redio anawekewa kiti cha kukaa upande mmoja na fundi. Kwetu mwenye simu anasimama upande wa pili wa kioo.

Kuna aliyeniandikia pembeni: sasa fundi ale nini? Hilo ni swali la haki na sitalikimbia. Mimi sisemi kila mtu ajijengee. Hata hapa gesi siigusi, sheria inataka fundi aliyesajiliwa, na umeme wa ndani ya ukuta una masharti yake. Ninasema wosha, plagi, kitasa, bawaba ya kabati. Na ninasema mtu anayejua kidogo hadanganywi kazi kubwa. Mjomba wangu ana nyumba Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa. Ulipoanza kutoa unyevu aliletewa fundi, akaupiga saruji, ukang'aa. Baada ya masika mawili saruji ikaanza kuvimba na kuanguka mapande. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiufunika saruji unyevu unabanwa ndani, unatafuta pa kutokea. Wazee wa mtaa ule walikuwa wakijua, lakini nani aliwauliza? Mjomba alilipa mara ya pili kubandua alicholipia mara ya kwanza. Angalijua hilo moja tu, fundi wa chokaa, na bado wapo, angalikula vizuri sana.

Siku ile ya Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ilipoanguka, sote tulilia kwenye simu zetu. Mimi pia. Nililia juu ya jengo la mwaka 1883 hali sijui chokaa inazimishwaje.

Hayo ya mifereji yana mwisho. Lililonichimba zaidi ni jingine.

Jirani wa chini aliniachia kikaratasi mlangoni, kwamba viti vyangu vinakwaruza sakafu usiku. Mwalimu wa Jumamosi akaniambia nikate viduara vya felti, kitambaa kizito cha sufu, nibandike chini ya miguu ya viti, na kama napenda, Alhamisi kuna darasa la kuitengeneza felti yenyewe. Nikaenda. Felti haifumwi, haisukwi, haishonwi. Unachukua sufu ya kondoo, unaivuta vipande vyepesi, unatandaza tabaka moja kwenda juu, jingine kwenda pembeni, tena na tena. Unamwagia maji ya moto yenye sabuni, unafunika kwa kitambaa cha wavu, unasugua kidogo kidogo. Halafu unaikunja kwenye kijamvi cha mianzi na kuisukuma mbele na nyuma mpaka mabega yanawaka. Kila unyoya wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Moto na sabuni huyafungua, kusugua huyashikanisha, na yakishashikana hayaachani tena. Kitambaa kinanywea mkononi huku unakiona. Cha kwanza changu kilitoboka katikati kwa sababu nilikisugua kwa nguvu kabla hakijashika. Mwalimu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikibana kwa vidole viwili: nyuzi zikinyanyuka, bado. Zisiponyanyuka, imekuwa.

Nikiwa pale, mikono imejaa povu, nikasikia harufu isiyokuwepo. Harufu ya makumbi ya nazi.

Bibi yangu wa Jambiani alikuwa akifukia makumbi pwani. Yanakaa miezi ndani ya matope na maji ya chumvi, yakifukuliwa yananuka mpaka mbwa anakimbia. Anakaa na wenziwe, anayaweka juu ya jiwe, anayaponda kwa gongo mpaka usumba, zile nyuzi zake, unaachana na unga wake. Anauosha, anauanika, anausokota kamba kwa viganja. Na yeye alikuwa akiubana kwa vidole viwili. Hivi hivi. Mimi nilikuwa nakaa mbali nimeziba pua, mtoto wa skuli kutoka mjini, na mama yangu akinisomea ile ile kila likizo: "Soma, usije ukaponda makumbi."

Nilisoma. Nikaja Uingereza, na sasa nalipa pauni 8 kila Alhamisi kufundishwa kuponda sufu.

Simlaumu mama. Alimwona mamake mikono imepasuka, alitaka yangu ipone. Lakini ndipo tulipojifunza kwamba kazi ya mkono ni adhabu ya asiyesoma, na binamu yangu hajatunga lile neno lake la kwenye grupu. Kalirithi, kama nilivyolirithi mimi. Mtu akiniambia nadharau kwetu, namuuliza: nani alimdharau bibi yule kwanza? Nilikuwa huko huko, na pua nimeiziba kwa mkono wangu.

Baada ya ujumbe wa binamu, mdogo wangu alinipigia peke yake. Mfereji wa chooni pale Michenzani unadondoka tangu Ramadhani. Nikamwambia kwako hata valvu huihitaji, fanya mchana, paipu ni kavu. Alinunua wosha mbili Darajani asije akakosea kipimo, akaniweka kwenye video juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua. Alikuwa akisema bismillahi kila akizungusha. Alipomaliza hakukuwa na maji ya kujaribia, tukakata.

Saa tano usiku kwangu, saa nane kwao, simu ikalia. Maji yametoka. Alisogeza simu karibu na mfereji, nikayasikia yakipanda kwenye paipu, yakikohoa, yakijaa ndoo. Kisha akafunga. Tukasubiri wote wawili bila kusema kitu. Nikasikia mlango, na sauti ya mama nyuma yake, nzito ya usingizi.

"Umenyamaza?"

"Umenyamaza, mama."

"Na ile ya zamani umeiweka wapi? Ilete niione ilivyoliwa."